Mama, uliniuliza ninakula nini

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani. Mimi sijambo, na kazi inaendelea.

Mwezi uliopita uliniuliza kwenye simu ninakula nini huku. Nikakujibu "nakula vizuri tu, Mama," kisha nikageuza mazungumzo. Ukanyamaza, na ule ukimya wako umenikaa moyoni. Leo nimetulia nikujibu inavyostahili.

Mwaka wa kwanza sikuwa nakula vizuri. Nilirudi kazini usiku, nikapasha moto chakula cha boksi, nikala nimesimama. Nyanya nilizonunua dukani zilikuwa nyekundu nje, ndani ngumu, hazina harufu hata ukizisogeza puani. Nikaamini mboga za huku ndivyo zilivyo.

Jirani yangu, bibi mmoja mstaafu, ndiye aliyenipeleka soko la wakulima. Ni Jumamosi asubuhi tu. Wakulima hupanga meza zao uwanjani, na mara nyingi anayekuuzia ndiye aliyelima; udongo bado uko kwenye kucha zake. Nilikwenda na orodha: nyanya, pilipili hoho, mahindi. Ilikuwa Mei. Sikupata hata kimoja. Nilipomwuliza mzee mmoja nyanya ziko wapi, alinijibu taratibu kwamba ndiyo kwanza anahamisha miche.

Yeye mezani alikuwa na kitu kimoja tu, asparagasi: machipukizi ya kijani, unene wa kidole, ncha zake zimefumba kama brashi ya kuchorea. Akanieleza kwamba ukiipanda unaiacha kama miaka miwili bila kuivuna ili mizizi ijijenge. Ikishakomaa unakata kwa wiki sita hadi nane hivi, halafu unaweka kisu chini ingawa machipukizi bado yanatoka. Yanaachwa yarefuke, yafunguke majani membamba kama manyoya, yalishe mizizi kwa ajili ya mwaka ujao. Ukiendelea kukata, mwakani unavuna vijiti. Nilisimama pale mezani kwake muda mrefu, Mama. Sikuwahi kusikia mtu akizungumzia mboga kwa heshima namna ile.

Kuipika ni rahisi. Unashika chipukizi ncha zote mbili, unalikunja, nalo linavunjika lenyewe karibu na pale sehemu ngumu inapoishia. Kikaango kiwe cha moto hasa, mafuta kidogo, chumvi, dakika nne au tano. Ukiliinua likalegea, limepitiliza.

Tangu siku hiyo siendi na orodha. Nazunguka soko lote mara moja bila kununua, halafu narudi kwenye meza iliyofurika kitu kimoja, kwa sababu kilichofurika ndicho msimu wake umefika, na bei yake huwa imeshuka. Swali langu ni moja: umevuna nini leo? Mwenye kila kitu cha kila msimu nampita, maana huyo mara nyingi amenunua mahali kama mimi.

Juni ni stroberi. Ikishachumwa haiongezi utamu hata ukae siku tatu ukiingoja, kwa hiyo naangalia karibu na kikonyo. Pakiwa peupe, naiacha. Mahindi matamu nayo hayataki kuchelewa. Sukari yake huanza kugeuka wanga tangu yanapovunwa, na joto linaharakisha jambo hilo. Nikifika nyumbani nabandika maji kwanza, yakichemka ndipo namenya maganda na kutoa nywele. Dakika tatu, naepua.

Lakini nyanya za Agosti, Mama! Nilinunua moja kubwa, ina mikunjo na ufa juu, dukani wangeitupa. Nikaikata vipande vinene, nikanyunyiza chumvi, nikaiacha sahanini dakika kumi. Ilitoa maji mekundu yenye harufu ya majani yake. Nikachovya mkate nikiwa nimesimama pale pale jikoni, mpaka sahani ikawa nyeupe. Tangu hapo siweki nyanya mbivu kwenye friji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha mwaka 2016 kwamba baridi hufifisha viini vinavyozipa nyanya harufu na ladha, na kuzirudisha kwenye joto la kawaida hakurejeshi vyote.

Niliogopa kwamba baridi ikiingia nitarudi kwenye maboksi. Haikuwa hivyo. Karoti zilizokaa ardhini wakati baridi inapiga hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, ndipo zisigande upesi, nazo huwa tamu kuliko za kiangazi. Nikizileta nyumbani nakata majani yake papo hapo, la sivyo yanafyonza maji na karoti zinalegea.

Leo ni Jumamosi, Oktoba inaishia. Nimerudi na boga, vitunguu maji na maapulo. Boga nimelipasua katikati, liko kwenye oveni, na ninavyoandika dirisha limejaa mvuke. Jirani yangu atakuja tule pamoja. Nimeshatandika meza, viti viwili.

Nitakupigia kesho jioni. Niulize tena nimekula nini.

Wasalimie wote.

Mwanao akupendaye