Usiuze shamba kwanza

Mwanangu wa Tanga,

Habari za huko? Voisi zako nimezisikiliza zote mpaka ile ya usiku wa manane. Nimeona nikuandikie tu kwa kituo, maana huku Mtaa wa Kongo ukirekodi kinachosikika ni spika za wauza mashuka, we mwenyewe unapajua. Mpe mzee shikamoo yangu, na mama pia.

Kama nimekuelewa vizuri, mzee alienda kupima tezi dume, yule mtu wa ultrasaundi akapandisha kile kifaa hadi juu ya kitovu, akakuta mshipa mkuu wa damu tumboni umevimba, kipimo sentimita 4.6. Sasa baba mdogo wako kasikia kuna njia ya kuingiza waya kupitia pajani, wanautengeneza mshipa bila kupasua tumbo, af kaamua kabisa kwamba shamba la machungwa la Muheza liuzwe mwezi huu mzee apelekwe India kabla haujapasuka. Ndugu yangu, usiuze shamba. Nisome mpaka mwisho ndo ukaendelee kubishana na baba mdogo.

Ule mshipa wenyewe ni aota, unatoka kwenye moyo unashuka kifuani mpaka tumboni, na hapo tumboni kwa mtu mzima upana wake ni kama sentimita 2. Ukifika 3 ndo wanaanza kuita anyurizimu, yaani ukuta wa mshipa umelegea ukatutumka. Kwa kawaida hauumi na unakua taratibu, miaka na miaka. Madaktari wengi wanaanza kufikiria kuutengeneza ukifika 5.5 kwa mwanaume, kwa mwanamke kama 5, au ukiwa unakua haraka, au umeanza kuuma. Na hawajajitungia tu hizo namba. Waingereza na Wamarekani walichukua watu wenye uvimbe kati ya 4 na 5.5 wakawagawa, hawa wakapasuliwa mapema, hawa wakawa wanapimwa tu kila baada ya muda, na wale waliowahishwa hawakuishi zaidi ya waliosubiri. Baadaye wakajaribu tena kuwawahisha kwa hiyo hiyo njia ya waya anayoisema baba mdogo, jibu likawa lile lile. Kwa hiyo mzee na 4.6 yake kazi anayo ila siyo ya kupanda ndege. Presha ishushwe, apimwe kwa tarehe atakazopewa bila kuruka hata moja, na sigara iishe. Sigara ndo adui mkubwa kabisa wa huu mshipa, inauharibu na inaukuza haraka, najua mzee atakwambia baba yake alivuta mpaka miaka 90, mwache aongee halafu muifiche pakiti.

Kitu kimoja tu msikifanyie mzaha. Akipata maumivu makali ya ghafla ya tumbo au mgongo, jasho jembamba, kizunguzungu, hapo hakuna dawa ya kuchua wala kusubiri asubuhi, ni gari na hospitali kubwa muda huo huo, maana mshipa ukipasuka watu wengi hawawahi hata kufika.

Sasa kwa nini fundi cherehani anakupa somo la mishipa. Mjomba wangu yule mwembamba wa Temeke unamkumbuka, mtu wa sigara na kahawa chungu. Yeye alikuwa amejilaza chali kibarazani na joto lile, tumbo wazi, mjukuu wake akamwambia babu mbona tumbo lako linadunda. Kweli ukitazama hapo juu ya kitovu ngozi inapanda inashuka na mapigo ya moyo. Kupimwa, 6.1. Tukachanga ukoo mzima, vikao kila Jumapili, ugomvi wa pesa sikusimulii, akapelekwa India na mwanae. Ila kabla hajaondoka nilimpeleka mimi kwa daktari mmoja Upanga, mtu mtaratibu sana, aliposikia mi ni fundi nguo akafungua droo akatoa sampuli ya hicho kitu kinachoingizwa kwa njia ya waya akanipa mkononi, akasema we utaielewa hii haraka kuliko wanafunzi wangu.

Mwanangu, ni suruali. Nakuapia. Suruali nyeupe ndefu nyembamba, kiuno kimoja juu, miguu miwili chini. Kitambaa chenyewe poliesta, imefumwa karibu karibu mpaka damu isipenye, laini na nyepesi, kuna nyingine wanatumia plastiki ya aina nyingine badala ya poliesta. Halafu kuizunguka kuna vyuma vya zigizaga vyembamba vimeshonewa kwenye kitambaa kwa uzi, na huo uzi nikauangalia kwa karibu, fundo moja moja, kazi ya mkono ile. Nikamuuliza daktari nani anashona, akacheka akasema kuna watu kazi yao ndo hiyo. Sijui nilikaa nayo muda gani, mjomba akaanza kukohoa.

Sababu ya miguu miwili ni kwamba ule mshipa mkuu ukifika usawa wa kitovu unagawanyika, tawi moja linaenda mguu wa kulia, moja wa kushoto, na uvimbe mara nyingi unakaa chini tu ya mishipa ya figo ukashuka mpaka karibu na hapo kwenye njia panda. Mambo haya yalianza na bomba nyoofu. Alianza mtu anaitwa Nikolai Volodos kule Kharkiv, Ukreni, mwaka 1987, kwenye mshipa wa kifuani, halafu mwaka 1990 Juan Parodi akafanya wa tumboni Buenos Aires, Ajentina. Lakini bomba nyoofu lina shida, linataka upate kipande cha mshipa kizima juu ya uvimbe na kingine kizima chini yake kabla ya njia panda, na watu wengi hicho cha chini hawana. Kuna kipindi wakawa wanaweka suruali ya mguu mmoja, tawi la mshipa la upande wa pili wanaliziba, halafu wanashonea bomba la kuvusha damu kutoka paja hili kwenda paja lile. Inafanya kazi, mpaka leo kuna wagonjwa wanafanyiwa hivyo, ila kama fundi inaniuma. Ndo ikaja suruali kamili, na Marekani za kwanza ziliruhusiwa kuuzwa mwaka 1999.

Halafu usidhani kitambaa kwenye mishipa ni cha juzi. Miaka ya 1950 daktari Michael DeBakey wa Houston alinunua poliesta dukani akashona mabomba ya mishipa kwa cherehani ya mkewe, kushona alifundishwa na mama yake. Picha yake nimeibandika ukutani hapa kwenye fremu, wateja wananiuliza huyo mzungu nani.

Inavyoingia sasa, hapa ndo patamu. Hiyo suruali haiingii nzima. Inakuja vipande, kipande kikubwa kina kiuno, mguu mmoja mrefu na mwingine umekatwa mfupi unaning'inia. Wanakikunja na kukibana ndani ya mrija wa milimita kama 6 au 7 hivi. Mgonjwa anapigwa nusu kaputi au ganzi tu, wanaingia kwenye mshipa wa kinenani, wanatanguliza waya mpaka juu, wanampa dawa ya kuzuia damu isigande, halafu mrija unapanda juu ya waya huku daktari anatazama kwenye skrini ya eksirei. Anapiga dawa ya rangi ili mishipa ya figo ionekane, maana kiuno cha suruali lazima kikae chini yake hapo hapo, ukipandisha kidogo umeziba figo, ukishusha kidogo damu inapita pembeni inaingia tena kwenye uvimbe. Akiridhika anauvuta mrija nyuma, kile kitu kinafunguka chenyewe, vyuma vingi ni vya nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani, ukivibana kwenye baridi vikikutana na joto la mwili vinarudi umbo lake.

Kazi ngumu inafuata. Mguu ule mfupi uko wazi ndani ya uvimbe, na daktari anatoka paja la upande wa pili na waya mwingine, inabidi aingie kwenye ule mdomo ambao hauoni, anaona vinukta vya chuma tu kwenye skrini. Daktari wa Upanga anasema kuna siku inachukua dakika mbili na kuna siku watu wanatokwa jasho saa nzima. Na waya ukipita huwezi kuamini macho, kwenye picha unaweza kuonekana uko ndani kumbe umepita kando ya kitambaa. Kwa hiyo wanapandisha katheta, yaani kamrija kembamba, ambayo ncha yake imejikunja duara, wanaizungusha ndani ya kile kiuno, ikizunguka kwa raha bila kukwama basi kweli mko ndani. Hapo ndo wanaunganisha mguu wa pili, unaingia ndani ya ule mfupi unapandana nao, wanapitisha puto la kunyoosha mikunjo kwenye maungio na miisho, wanapiga rangi tena kuangalia kama kuna kuvuja. Mjomba kesho yake alikuwa anatembea wodini na kovu mbili ndogo kinenani. Waliopasuliwa tumbo wanakaa siku nyingi na maumivu yake si ya kitoto.

Baba mdogo hadi hapa yuko sahihi, njia ipo na ni nzuri. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulikuta ndani ya siku 30 za mwanzo wanafariki kama 1.7 kati ya 100 kwa njia ya waya, na 4.7 kwa kupasua. Ila wakawafuata hao hao watu miaka kama 15, ile faida ikaisha, na kundi la waya ndo likawa na marudio mengi ya matengenezo, na baadhi uvimbe ulikuja kupasuka baadaye pamoja na suruali kuwa ndani. Hiyo sehemu watu hawaisimulii kwenye vikao vya mchango.

Maana uvimbe wenyewe haujatolewa, upo, umewekewa njia ya ndani tu ili damu isiusukume. Na matawi hayaishi. Kwenye ukuta wa uvimbe kuna vimishipa vidogo vya mgongoni na vya utumbo, damu inaweza kurudi kinyumenyume kupitia humo ikajaza nje ya kitambaa. Mjomba picha yake ya miezi sita ilionyesha hivyo. Tulitaka kufa kwa hofu, tukaambiwa hiyo ndo aina ya kawaida zaidi, kama uvimbe haukui wanaiacha wanaitazama. Ingekuwa inavuja kwenye kiuno au mwisho wa miguu ingekuwa habari nyingine, hiyo inarekebishwa haraka. Kwa hiyo picha za kufuatilia ni za maisha, na kila moja ni nauli, ni hela, na kama ni ya CT, ile mashine ya eksirei inayokuzunguka, ni ile dawa ya rangi ambayo figo mbovu haziipendi.

Tena kwa mjomba uvimbe ulishuka mpaka tawi la kulia, likabidi mguu wa suruali urefushwe, ukafunika kale katawi kanakopeleka damu kiunoni na matakoni. Matokeo yake akipanda ngazi tako la kulia linamuuma anasimama. Bibi anamcheka kila siku. Kuna suruali zenye mguu mdogo wa ziada wa kukaokoa hako katawi, na kuna zingine zinatobolewa matundu ya mishipa ya figo kwa vipimo vya mgonjwa mwenyewe, hiyo unapima leo unasubiri wiki kadhaa itengenezwe, na bei yake ni mbinguni huko.

Ndo maana nasema kwa mzee swali la kwanza siyo India lini, swali ni njia panda yake ikoje. Siku ikifika kweli, muulize daktari: pale chini ya mishipa ya figo kuna kipande kizima cha kushikia, angalau sentimita 1 au 1.5? Mishipa ya kinenani ni mipana ya kutosha mrija upite, au imejaa ugumu na kupindapinda? Figo zake zikoje? Kama majibu ni mabaya na mzee ana nguvu, kupasuliwa inaweza kuwa bora kuliko kulazimisha. Hapa Dar wapo wa kumsomea picha, Muhimbili kuna wataalamu wa radiolojia wa kutibu kwa katheta na wanafundisha wengine, kwa hiyo kabla ya pasipoti mlete huku mfikie kwangu, kitanda kipo.

Nitumie ripoti ya ultrasaundi, siyo picha ya simu iliyotetemeka, nikampelekee yule daktari. Na hii mwambie baba mdogo kwa adabu lakini mwambie: ugonjwa huu unatembea kwenye damu ya ukoo, ndugu wa kuzaliwa wa mgonjwa wako kwenye hatari zaidi, hasa wanaume waliovuta sigara na umri umeenda. Yeye ni mdogo wake mzee tumbo moja, miaka 60 na kitu, na anavuta pakiti nzima. Kabla hajauza shamba la mtu akapime tumbo lake.

Fundi wako,
Kariakoo