Umwambie Kabla Kadhi Hajauliza

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua kwa ngazi za nyumba hii, na maji ya mfereji hayajatoka tangu Jumatatu, tunanunua ya mkokoteni. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu mama yako, kama unavyojua, huiweka simu yangu kwenye spika ili naye asikie, na haya ningependa uyasome peke yako kwanza.

Jana alikuja mjumbe wa wakwe zako kutoka Tanga. Akanywa kahawa, akasifu halua, kisha akauliza kwa adabu kabisa ni nani atakayekuozesha, mimi mwenyewe au nitampa kadhi uwakala. Nikamjibu kwamba mambo hayo tutayazungumza, nikajifanya kahawa imenipalia. Kwa swali lile nilitambua kwamba hujamwambia mchumba wako kuwa mimi ni mlezi wako, si baba aliyekuzaa, au umemwambia naye hajawaambia watu wake, na yote mawili kwangu ni mamoja. Nikahi ni mwezi wa Mfungo Pili. Mwambie, mwanangu, na umwambie wewe mwenyewe.

Najua utakalonijibu, kwa kuwa ulikwisha kunijibu siku ya Idi: cheti cha kuzaliwa kina jina langu, kitambulisho kina jina langu, nani atajua? Ni kweli, hakuna karatasi itakayokusaliti. Nilikaa bandarini zaidi ya miaka thelathini nikilinganisha kilichoandikwa na kilichomo ndani ya kontena, na nimewarudisha watu wazima kwa kosa la herufi moja, wakaondoka wakinilaani. Kisha mwaka 1999 nikaingia katika ofisi nyingine nikiwa na kalamu ile ile mfukoni, na fomu ilipouliza baba wa mtoto ni nani, sikusita hata kidogo. Karani hakuniuliza lolote. Mara nyingine natamani angeliniuliza.

Lakini kadhi atauliza. Katika madhehebu yetu ya Shafii hakuna ndoa bila walii, yaani mwanamume mwenye haki ya kumwoza mwanamke, na walii ni baba mzazi, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume wa upande huo, na kuendelea hivyo. Mlezi hayumo katika orodha hiyo, hata awe amelea miaka ishirini na sita. Mwanamke asiyejulikana walii wake huozeshwa na kadhi. Nikikaa mimi mahali pale nikatamka kwamba nimemwoza binti yangu, vyeti vyote vitanishuhudia, nawe utaingia nyumba ya watu kwa nikahi yenye walii asiye walii. Hilo silifanyi. Mengine nimeyafanya, hili silifanyi.

Kwa hiyo siku ile msikitini utatajwa kuwa binti Abdillah, yaani binti wa mja wa Mungu, kama wanavyotajwa wote ambao baba zao hawajulikani, kwa sababu kila baba ni mja wa Mungu. Wewe hutakuwapo kulisikia, utakuwa nyumbani na wanawake wenzako umepakwa hina. Nitakayelisikia ni mimi. Watalisikia pia wazee wa Tanga, na nisingependa mchumba wako alijulie hapo, amekaa mkekani na kanzu mpya, watu wakigeuka kumtazama.

Mambo ya harusi ile ya Kibokoni siyarudii, unayakumbuka kuliko mimi. Ninalotaka ujue ni kwamba mama yako alitaka uambiwe ukiwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyesema tungoje umalize shule ya msingi, na ulipoimaliza nikasema sekondari ni ngumu, tusimvuruge mtoto. Basi yule bibi mwenye ulimi akatutangulia kukuambia kwenye harusi ile. Nawe umekuwa hodari wa kunyamaza, mwanangu. Hilo hukulipata kwa damu, umelipata mezani kwangu.

Liko jambo ambalo sidhani mama yako amewahi kukusimulia sawasawa. Ulipoletwa, shangazi yako, dada yangu, alikuwa ananyonyesha mwanawe wa pili. Alikuja hapa siku ya pili, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, akaomba kisahani na kokwa za tende, na kila uliposhiba na kuliacha ziwa mwenyewe aliweka kokwa moja kisahanini. Jirani wawili wa kike walikaa nasi kama mashahidi. Zilipotimia kokwa tano, ambazo ndizo zinazotakiwa kwetu, akasema, “Sasa ni wetu.” Ndiyo sababu wanawe ni ndugu zako wa ziwa moja na hawawezi kukuoa, na ndiyo sababu hukuhitaji kujifunika mbele yangu ulipokua: kwa sheria mimi ni mjomba wako wa kunyonya. Mjomba naye si walii, nilikwisha kuuliza. Kile kisahani bado kipo kabatini, kile chenye ufa, ulichokuwa ukikikataa.

Nimekuwa nikisoma mambo haya tangu nistaafu. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 inaitambua kafala, yaani Mwislamu kumchukua mtoto amtunze kama wake bila kumkatia nasabu yake, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umeitaja kwa jina katika kifungu cha 20. Ulipokuja wewe, hata ile sheria ya watoto ya 2001 ilikuwa haijatungwa, na kuasili mtoto mahakamani tuliambiwa si njia yetu. Ningeweza kukuambia kwamba nilikosa njia. Lakini hata kafala ingalikuwa imeandikwa kwa dhahabu mlangoni pa ofisi ile, sidhani kama ningaliifuata, kwa kuwa nilitaka uitwe kwa jina langu. Sura ya Al-Ahzab inatuamrisha tuwaite kwa baba zao, na kama hatuwajui basi ni ndugu zetu katika dini. Kisha inasema hapana dhambi katika tuliyokosea, isipokuwa yaliyokusudiwa na nyoyo. Mimi sikukosea herufi. Zaidi bin Haritha alipendwa na Mtume kama mwana, akaitwa kwa jina la Mtume, aya iliposhuka akarudishiwa jina la baba yake, Haritha, na mapenzi hayakupungua. Hilo nalisoma mara nyingi usiku.

Mchumba wako akikataa kwa sababu hiyo, afadhali akatae sasa kabla mama yako hajaagiza mchele. Sidhani kama atakataa. Mtu aliyekuchagua ukitoka zamu ya usiku na viatu vya kazi, macho mekundu, hakukuchagua kwa nasabu. Lakini mimi si mjuzi wa watu, nilikuwa mjuzi wa karatasi.

Kuhusu nyumba: kwa kuwa hunirithi, nimekuandikia wasia wa theluthi, ambayo ndiyo mwisho wa ruhusa, na mashahidi wametia sahihi. Ami yako amenuna. Mwache anune, ataila biriani ya harusi kama wengine. Kuhusu kile cheti, nitamwona wakili baada ya Mfungo Pili. Kama kuna faini ni yangu, usichangie hata senti. Na usitume tena pesa za tangi, lililopo linatosha, kinachokosekana ni maji.

Fundi atakuja Alhamisi kuutazama mlango mkubwa, mchwa wamefika kwenye kizingiti, na mama yako hataki wageni wa Tanga wauone ulivyo. Anataka pia nyumba ipakwe chokaa ngazi zote tatu. Nimemwambia ukumbi unatosha, hatujakubaliana.

Ukishamwambia, nipigie baada ya sala ya Isha, ambapo mama yako huwa kwa jirani. Usieleze mengi. Sema tu kwamba umemwambia, nami nitamjibu yule mjumbe wa Tanga kuhusu kadhi.

Baba yako