Ndiyo, tunatoza pesa ya kuja kuangalia balkoni yako

Wiki hii tumeandikiwa tena ule ujumbe: "Mmekuja, mmekaa kwenye kochi langu, mmesogeza meza, mmeniandikia risiti ya elfu hamsini. Huu si wizi?" Aliyeandika ni mwenye nyumba wa Upanga, mteja wetu wa siku nyingi na tunamheshimu. Ila maneno hayo tumeshayasikia kwa wengi, basi tujibu hapa mara moja.

Wanaotuita sisi mafundi kwa kazi hii, ya kupima na kuficha kinachoonekana nje ya balkoni, ni wenye fleti zinazopangwa na Wachina. Mpangaji anafungua mlango wa balkoni, anatazama nje, anakunja uso. Kona ya ghorofa la jirani imemwelekea yeye. Au kuna nguzo yenye transfoma, au barabara inayokuja moja kwa moja na kuishia kwenye jengo, au pengo jembamba kati ya maghorofa mawili marefu. Kwa hesabu za feng shui, ile imani ya Kichina kwamba mpangilio wa mahali unaleta bahati au mkosi, vitu hivyo vinamrushia mkaaji nguvu mbaya, wenyewe wanaiita sha. Si Wachina wote wanaojali, wapo waliotuita kufunga wavu wa njiwa tu na mambo yakaisha. Lakini anayejali anajali kweli, na mkataba ukiisha anahama.

Usimcheke. Hong Kong kuna mnara wa Bank of China uliochorwa na msanifu majengo I. M. Pei, ulikamilika 1990, na kona zake kali zilizua maneno mengi. Watu wa mji ule husimulia kwamba zile kreni mbili juu ya paa la benki ya HSBC, jirani yake, zina umbo la mizinga na zimeelekezwa kwenye mnara huo. Ikiwa mabenki makubwa yanasemwa hivyo, mpangaji wako wa ghorofa ya nne asiambiwe anaota ndoto za mchana.

Sisi ni mafundi wa aluminiamu. Hatuuzi bahati, na mtu asituulize kama ni ushirikina au la, aulize shehe wake au mchungaji wake. Mtaalamu wa feng shui ni wa mpangaji mwenyewe, mara nyingi yuko kwenye simu ya video huko kwao na dira yake mkononi. Yeye anasema nini kisionekane. Sisi tunahakikisha hakionekani, upepo unapita na ukuta haupasuki.

Sasa hilo la kukaa kwenye kochi. Kitu kilicho nje ya balkoni hakimsumbui mtu aliyesimama mlangoni akishika funguo, kinamsumbua anapokula, anapofanya hesabu zake usiku, anapolala. Kwa hiyo fundi anakaa pale anapokaa mpangaji. Jicho la mtu aliyekaa liko kama mita moja na sentimita ishirini kutoka sakafuni. Tunavuta uzi kutoka hapo kuelekea ile kona, mwenzake anaweka alama ya chaki pale uzi unapokatiza juu ya reli. Tunarudia kwenye kiti cha pili, kisha kitandani. Zile alama za chaki ndizo zinazotuambia luva, yaani kizuizi cha vibao vya aluminiamu vilivyolazwa ili upepo upite, ianzie wapi, iishie wapi na ilale kwa pembe gani. Mara nyingi unakuta kinachotakiwa kufichwa ni kipande kidogo cha upande mmoja, na mteja alikuwa anaomba kuziba balkoni nzima. Na kwa yule mzee wa Upanga, uzi ulionyesha kwamba meza ikisogea kuelekea jikoni, kona inapotea nyuma ya nguzo ya jengo lake mwenyewe. Tungeweza kunyamaza tukamuuzia luva ya milioni na ushee. Elfu hamsini hiyo, kazi ikifanyika, tunaikata kwenye bili. Isipofanyika, ndiyo malipo ya kukuokolea hiyo milioni.

Kinachotuuma zaidi ni njia ya mkato ya kutundika kioo cha feng shui. Kile kidogo chenye pembe nane na mistari pembeni kinauzwa bei ya kutupa, mwenye nyumba anakinunua, anampa mlinzi drili, kinapachikwa nje kwenye ukingo wa zege. Fleti moja karibu na bahari walifanya hivyo. Drili iligonga nondo, tundu likaachwa bila silikoni, maji ya mvua na hewa ya chumvi vikaingia. Nondo ikishika kutu inavimba. Plasta ilianza kunyanyuka, baadaye kipande kikaangukia kioo cha mbele cha gari la mpangaji wa chini. Tulipoitwa tulikuta ukingo mzima unatakiwa kuchongwa, nondo kusuguliwa, plasta kurudiwa, na kamba za kushukia juu ya hayo. Luva ingekuwa nafuu mara kadhaa.

Na kioo kile, hata kwa wanaokiamini, ni kitu cha kurudisha shari ilikotoka. Ukikielekeza kwenye dirisha la jirani, Mchina mwenzake atajibu kwa kutundika chake. Jirani Mswahili atasema amewekewa kitu. Tuna mama mmoja aliyefikisha kesi kwenye kamati ya jengo, kila saa tisa alasiri mwanga wa kioo ulikuwa unamchoma usoni jikoni kwake, na hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba ni jua tu.

Wengine wanafunga balkoni yote kwa vioo. Kusi haliingii, kaskazi haiingii, sebule inageuka tanuri na luku inaisha kabla ya wiki. Mpangaji bado anailalamikia, maana feng shui haipendi hewa iliyosimama pia.

Mimea tunaikubali, mianzi ya kwenye vyungu inaficha vizuri. Ila ndoo ya lita ishirini ya udongo uliolowa inazidi kilo thelathini, usivipange vyungu vyote ukingoni mwa balkoni inayoning'inia. Tuachie tuvigawe.

Bei yetu iko juu ya fundi wa barabarani, hatukatai. Karibu na bahari tunatumia skrubu za stenlesi ya daraja la 316. Ile ya 304 inang'aa vilevile dukani, lakini chumvi huianzishia madoa ya kutu mapema. Aluminiamu yetu imepakwa rangi ya unga iliyookwa, na kila tundu linajazwa silikoni kabla skrubu haijaingia. Ukitaka kwa nusu bei, wapo, na baadhi ya kazi zao tumezirudia sisi.

Kabla ya kutupigia, kaa anapokaa mpangaji na upige picha ya nje ukiwa umekaa, si umesimama. Tutumie na jina la mtaa na ghorofa namba ngapi. Kama kinachoonekana kinatibika kwa pazia, tutakuambia hapohapo kwenye simu, na hiyo hatutozi.