Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Simbu Bado Hajafuzu Olimpiki ya Los Angeles 2028

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapenzi wa riadha, wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za tangu tulipoachana. Taarifa ya mwaka huu naiandika nikiwa na furaha ambayo miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki sijawahi kuwa nayo, alafu hapohapo kuna jambo linanikaba rohoni na nitalisema, kwahiyo mnivumilie nikienda mbele na kurudi nyuma.

Nianze na usiku wa kuamkia Jumatatu, Septemba 15. Marathoni ya wanaume ya Mashindano ya Dunia ya Riadha kule Tokyo ilikuwa inaanza saa moja na nusu asubuhi ya kwao, huku kwetu saa saba na nusu usiku, na tulikuwa watu kumi na mmoja sebuleni kwa katibu, wengine wametoka kazini moja kwa moja. Mbio zenyewe zikaanza mara mbili maana kuna mkimbiaji aliwahi kutoka kabla ya mlio, nyie mliwahi kuona hiyo kwenye marathoni? Tukakaa. Kilomita kumi, ishirini, jua la Tokyo linawaka, watu wanakatika mmoja mmoja, na kijana wetu Alphonce Simbu yuko ndani ya kundi, haonekani sana lakini yupo. Kufika huko kwenye thelathini na kitu kifurushi kikakata, king'amuzi kikaandika maneno yake na skrini ikawa nyeusi. Aisee. Mama mweka hazina ndio alituokoa, akatoa simu yake akaiegemeza kwenye chupa ya chai, na watu wote kumi na mmoja tukainama kwenye kioo kidogo kama kiganja.

Mlioangalia marudio mnajua kilichotokea lakini niseme hata hivyo kwa sababu nataka kiwepo kwenye kumbukumbu za chama. Wanaingia uwanjani, Muitaliano Aouani yumo, Amanal Petros wa Ujerumani anashika uongozi, Simbu yuko nyuma ya Petros na kwa jinsi nilivyoona mimi nikasema basi, fedha, fedha nayo ni kitu kikubwa, tushukuru. Mita za mwisho kabisa Simbu akaanza kumla yule Mjerumani hatua kwa hatua, Petros akajitupa mpaka akaanguka, na wote wawili wakavuka pamoja. Saa ikaandika 2:09:48 kwa wote. Hapo kwenye simu hakuna aliyepumua. Mzee wetu mlezi wa chama, ambaye mwaka 1974 alimsikiliza mwanariadha wetu Filbert Bayi akikimbia kwenye redio akiwa kijana, alikuwa ameshika mkono wa kiti na hasemi neno. Alafu majibu yakaja, Simbu wa kwanza, tofauti ni sekunde 0.03, baada ya kilomita 42 na mita 195. Kufumba na kufumbua jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo. Mzee akalia. Na mimi nililia, sioni sababu ya kuficha.

Ile ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Kabla yake tulikuwa na fedha ya Christopher Isegwe kule Helsinki 2005 na shaba ya Simbu mwenyewe London 2017, zote za marathoni.

Sasa nirudi kwenye daftari letu. Mnalijua lile daftari la katibu la jalada gumu, kila mwanariadha ana ukurasa wake, tarehe, mji, muda, nafasi. Ukifungua ukurasa wa Simbu unasoma hivi: Rio 2016 wa tano, 2:11:15. London 2017 shaba. Olimpiki ya Tokyo, ambayo marathoni yake ilikimbiwa Sapporo 2021, wa saba. Birmingham 2022 Jumuiya ya Madola, fedha. Paris 2024 wa kumi na saba, 2:10:03. Na baada ya huo mstari wa Paris pembeni kuna maneno ya kalamu ya risasi, sijui aliyaandika nani na sitaki kujua, yanasema "umri". Kwenye mkutano wetu wa mwaka jana wengi tuliongea hivohivo, na mimi nikiwemo, tukasema tutafute wengine. Miezi michache baadae, Aprili 2025, mtu huyohuyo kawa wa pili Boston kwa 2:05:04, muda mmoja na Mkenya Cyprian Kotut ila kamzidi kifua, yaani hata pale alishatuonyesha kwamba mita za mwisho anazijua. Hatukusoma. Namwomba radhi kwa niaba ya chama hata kama hataisoma taarifa hii.

Sasa ndio nije kwenye lile linalonikaba. Tangu Septemba kwenye grupu letu na huku mtaani kila mtu anasema Simbu ameshafuzu Los Angeles 2028. Wanachama, hajafuzu. Hakuna mtu aliyefuzu. Bingwa wa dunia anapewa nafasi ya moja kwa moja kwenda kutetea ubingwa wake kwenye Mashindano ya Dunia yajayo, ambayo ni Beijing Septemba 2027, hiyo anayo na hakuna wa kumnyang'anya. Tiketi ya Olimpiki haiji na ubingwa huo. Olimpiki kwa kawaida unaingia kwa muda au unaingia kwa pointi, na dirisha la kutafuta hivo vitu lina siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa, ukikimbia vizuri nje ya dirisha umekimbia kwa afya yako.

Na hivo viwango vya muda jamani vinapanda kama bei ya mafuta. Kwenda Rio 2016 mwanaume wa marathoni alitakiwa 2:19:00. Kwenda Olimpiki ya Tokyo ikawa 2:11:30. Paris ikawa 2:08:10, na mashindano ya dunia ya mwaka huu 2:06:30. Angalieni, ule muda wa Rio wa Simbu uliompa nafasi ya tano ya Olimpiki, yaani mtu wa tano duniani siku ile, kwa kiwango cha Paris usingemfikisha hata kwenye ndege. Viatu vimebadilika, kasi zimebadilika, watu wamebadilika. Kwa akina dada Paris ilikuwa 2:26:50 na mwaka huu 2:23:30.

Paris nafasi za marathoni zilikuwa 80 kwa wanaume na 80 kwa wanawake, nchi moja isizidi watu watatu. Hesabu za shirikisho la riadha la dunia zilikuwa nusu waingie kwa muda na nusu kwa rankingi, yaani orodha ya dunia ya pointi, na rankingi ya marathoni inachukua wastani wa mbio zako mbili bora, pointi za muda wako pamoja na pointi za nafasi uliyoshika na ukubwa wa mashindano. Wenzetu Wakenya shida yao ni hao watatu, wana watu wengi wenye muda na wanabaki nyumbani wanaangalia kwenye tv. Sisi shida yetu ni kinyume, milango mitatu ipo wazi na tunahangaika kupata wa kuingia. Gabriel Geay ana 2:03:00 ya Valencia Desemba 2022, rekodi ya taifa, siku ile Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, alishinda kwa 2:01:53, na 2023 Geay akawa wa pili Boston mbele ya Eliud Kipchoge. Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin 2023 kwa 2:18:41, rekodi ya taifa ya wanawake, na siku ile hatukukusanyika hata watu watatu kumwangalia, niliwasema kwenye kikao na narudia hapa. Hawa wapo. Lakini muda wa 2022 na wa 2023 kwa Los Angeles ni historia, watatakiwa kukimbia upya.

Kuhusu Boston nilizungumze kidogo maana kuna kijana aliniuliza swali zuri. Boston njia yake inateremka kupita kiasi kinachoruhusiwa na inaenda upande mmoja, ndio maana Geoffrey Mutai alipokimbia 2:03:02 mwaka 2011, muda ambao haujawahi kuonekana duniani kabla ya siku ile, haukuandikwa kama rekodi ya dunia. Kwahiyo mtu akikuletea muda kwanza muulize, wa wapi, njia ilipimwa na nani.

Na hili la njia kupimwa lina mtu wake. Kuna binti mmoja wa huku kwetu, wengi mnamjua kwa sura, anapita barabarani saa kumi na moja alfajiri na sweta lake limefungwa kiunoni. Mwaka huu alikimbia nusu marathoni moja ya hapa nchini, akashinda, akaja kwangu na mama yake wameshika karatasi yenye muda wake, muda mzuri sana kwa umri ule, anauliza sasa tunaupeleka wapi. Nikapiga simu nikauliza. Njia ile haikuwa imepimwa rasmi na mbio zenyewe hazikuwa kwenye orodha ya mbio zinazotambuliwa na shirikisho, kwahiyo huo muda hauingii popote, kwenye rankingi ya dunia huyo binti hayupo kabisa, ni kama hajakimbia. Nilimwambia nikiwa nimekaa nae kwenye ngazi za nyumba yangu. Aliikunja ile karatasi mara nne akaitia mfukoni, akasema asante mjomba, wakaenda. Waandaaji siwataji, wala sio wao peke yao. Saivi kila wikiendi kuna marathoni, fulana nzuri, medali nzito, muziki mkubwa, na mimi napenda sana watu wakikimbia, lakini ngapi kati ya hizo zinampa mwanariadha kitu cha kupeleka mbele? Gharama ya kupima njia ukiilinganisha na gharama ya fulana ni ndogo mno.

Kwenye mbio za uwanjani, yaani zisizo za barabarani, ndio tuko hoi zaidi. Timu yetu ya Paris ilikuwa na watu saba, wanne wa marathoni, mmoja judo, wawili kuogelea. Wa uwanjani hakuna. Nchi ya Bayi! Christchurch 1974 Bayi alikimbia mita 1500 kwa 3:32.16, rekodi ya dunia, akiwa ameongoza tangu mwanzo. Kiwango cha kwenda Paris kilikuwa 3:33.50. Maana yake Bayi wa mwaka 1974, na viatu vile vya mwaka 1974, angefuzu Paris, na hajatokea Mtanzania wa kuupita ule muda mpaka leo. Nilipolisema hili kwenye kikao cha Juni kuna mtu akadhani nimekosea namba, nikamwambia kachukue daftari. Medali zetu mbili pekee za Olimpiki nazo ni za uwanjani, Moscow 1980, Bayi fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000, kwa 13:21.60 nyuma ya Miruts Yifter. Ni miaka 45 sasa.

Nalisema hili kwa sababu mwakani litatugusa mapema. Julai 2026 kuna Michezo ya Jumuiya ya Madola Glasgow, mashindano yamepunguzwa, na marathoni haimo. Haimo kabisa. Badala ya mita 1500 wameweka maili, ile maili ambayo Bayi aliivunjia rekodi ya dunia Kingston 1975 kwa 3:51.0. Kwahiyo bingwa wetu wa dunia hana mbio Glasgow labda ashuke uwanjani, na tunayemtegemea kwa maili sina jina la kuandika. Alafu Oktoba 31 inaanza Olimpiki ya Vijana Dakar, mara ya kwanza mashindano ya Olimpiki kufanyika Afrika, na vijana wa umri wa yule binti ndio wanaotakiwa kule. Hapo ndio ningependa macho ya chama yawe.

Simbu mwenyewe kazaliwa Februari 1992, Julai 2028 atakuwa na miaka 36. Kipchoge alichukua dhahabu ya Sapporo akiwa na 36 hiyohiyo, kwahiyo lile neno la kalamu ya risasi nimelifuta kwa mkono wangu, katibu shahidi.

Mambo ya ndani nitayapitia haraka. Ada imelipwa vizuri kuliko mwaka jana, mweka hazina atasoma mahesabu mwenyewe, ila nidokeze tu kwamba hela ya king'amuzi itakuwa inalipwa wiki moja kabla ya mbio kubwa na sio siku yenyewe. Michango ya msiba wa mwanachama mwenzetu ilifika yote, familia imeshukuru. Fulana hatujatengeneza na kamati ilikubaliana hivo, sababu ipo hapo chini.

Ile hela ya fulana kamati inaomba mkutano uiruhusu itumike kumpeleka yule binti na mwenzake mmoja kwenye mbio mbili zenye njia iliyopimwa na zilizo kwenye orodha, nauli, malazi na ada ya kushiriki. Sio hela ya kumfikisha mtu Los Angeles. Ni ya kumfanya awe na mstari wake wa kwanza unaotambulika. Katibu ameshafungua ukurasa mpya kwenye daftari, juu ameandika jina lake na mwaka wa kuzaliwa, chini yake pako wazi. Mama yake ameridhia, mwalimu wake pia, na kinachosubiriwa ni kura zenu Jumamosi saa nne asubuhi palepale kwa katibu, mje na kadi zenu.