Mhimilishaji alipwe kwa mimba, si kwa mrija

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalotuumiza wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Rungwe. Naamini wenzetu wa Njombe, Mufindi na Mbozi wanalijua pia. Kila msimu wa bajeti viongozi wanatuahidi mbegu bora za uhimilishaji, yaani za kumpandisha ng'ombe bila dume: za Friesian, za Ayrshire, za Jersey, na siku hizi hata mbegu iliyochambuliwa ili azaliwe jike. Tunashukuru. Lakini ng'ombe wengi wa kijijini kwetu shida yao ya kwanza ni kukosa mimba, hata hiyo mbegu bora ikishawekwa, na hilo silisikii likisemwa na mtu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha maziwa hapa Isongole. Asubuhi naandika lita za kila mwanachama, kwa hiyo rejesta inanionyesha mambo ambayo watu hawayasemi. Mama analeta ndoo imejaa, miezi inapita, anakuja na dumu dogo, halafu kijagi, na kijagi hicho kinaendelea hadi mwaka wa pili. Hapo huhitaji kuuliza. Ng'ombe hajashika. Mama anaendelea kumkatia majani, kumnunulia pumba na mashudu, kumwogesha dawa ya kupe, huku anachokipata hakitoshi hata chai ya wajukuu. Wengi wa ng'ombe hao walitolewa kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Mwenye kudaiwa mtamba, yaani jike changa, hawezi kulipa kama ndama hazaliwi, na jirani aliyeko kwenye foleni naye anazidi kungoja.

Tupige hesabu. Ng'ombe hubeba mimba siku 280 hivi. Akizaa, kizazi kinahitaji siku 40 au zaidi kusinyaa na kujisafisha, na wataalamu wanashauri asipandishwe kabla ya siku 60. Tukitaka azae kila mwaka, toa 280 katika 365: zinabaki 85. Toa 60 za kupumzika: zinabaki 25. Joto, yaani hamu ya kupandwa, humrudia kila baada ya siku 21, wengine kuanzia 18 hadi 24. Maana yake katika mwaka mzima mfugaji ana nafasi moja, akibahatika mbili. Ikipotea moja, uzazi unaofuata umesogea wiki tatu. Chukua ng'ombe anayetoa lita 12 akiwa ametoka kuzaa na lita 4 akiwa mwishoni. Wiki tatu za kuchelewa ni lita 8 mara siku 21, yaani lita 168. Kosa joto tatu mfululizo na umepoteza zaidi ya lita 500, wala hakuna ugonjwa ulioingia bandani.

Sasa hiyo nafasi yenyewe ni saa chache. Ng'ombe husimama akubali kupandwa kwa saa 12 hadi 18, na wengi kwa muda mfupi zaidi. Yai hutoka karibu saa 10 hadi 12 baada ya joto kuisha, na likishatoka uhai wake ni wa saa, si wa siku. Ndiyo sababu tunafundishwa kwamba aliyeonekana asubuhi apandishwe jioni ya siku hiyo, na aliyeonekana jioni apandishwe kesho yake asubuhi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tuna ng'ombe mmoja bandani. Hana mwenzake wa kumpanda. Dalili tunazoziona ni zile ndogo: analia bila sababu, anaacha majani, maziwa yanapungua ghafla, uke umevimba kidogo, ute mwangavu unaovutika kama uzi umeshika mkiani. Wengine huanza usiku, saa ambayo baridi ya huku imetufungia wote ndani. Nawaomba wanawake wenzangu, maana ndio tunaokamua, tuchungulie bandani kabla ya kulala na tena alfajiri kabla ya kuwasha moto, na tuandike saa tuliyoiona dalili ya kwanza. Kwa anayeweza, kumpeleka ng'ombe kwenye uwanja wa jirani mwenye wawili kunasaidia sana, maana hapo atapanda au atasimama kupandwa na shaka itaisha.

Mfugaji akishatimiza yake, anapiga simu. Mhimilishaji, yule mtaalamu anayeweka mbegu iliyo ndani ya mrija, yuko mbali, ana kata kadhaa, pikipiki inataka mafuta, na mvua ya huku kila mtu anaijua. Anakuja kesho kutwa. Akifika, ng'ombe ana damu kidogo ukeni. Damu hiyo hutokea siku moja hadi tatu baada ya joto, na inatuambia kwamba saa imepita. Kwa hali hiyo mtu mkweli anafunga begi lake na kusema, "Mama, tungoje kama siku 19 tena, uwe macho." Wapo wanaosema hivyo, na Mungu awabariki. Wapo pia wanaoweka mbegu hivyo hivyo, wanapokea hela na kuondoka. Nimeyaona hayo kwa jirani yangu, mjane, ambaye alilipa akijua ng'ombe amepandishwa, akakaa akingoja tumbo likue. Hapakuwa na tumbo. Tena hakuna aliyemwambia aangalie kama joto litarudi baada ya wiki tatu, kwa hiyo nusu mwaka ulikwenda bila yeye kujua.

Siandiki haya kumshtaki mtu. Naeleza jinsi malipo yalivyopangwa: mhimilishaji analipwa kwa mrija aliouweka. Mimba ikiingia isiingie, yeye kazi imeisha, na kwenye taarifa ya wilaya inaandikwa idadi ya ng'ombe waliohimilishwa. Ndama hawahesabiwi.

Ombi langu kwa halmashauri zetu na kwa wizara ni hili. Malipo yagawanywe. Sehemu ya kwanza ilipwe siku ya kupandisha, itoshe mafuta na mbegu. Sehemu ya pili ilipwe ng'ombe akishapimwa na kuonekana ana mimba. Mtaalamu mwenye mkono mzoefu anaweza kuijua mimba kwa kupapasa kupitia njia ya haja kubwa kuanzia mwezi wa pili, na mwezi wa tatu hakuna kubahatisha. Upimaji huo huku kwetu ni kama haupo. Tunangoja tumbo. Ukifanywa, asiye na mimba anajulikana mapema na anatafutiwa sababu: amekonda, ana uchafu kizazini baada ya kondo la nyuma kubaki, au joto lake ni la kimya. Ili mhimilishaji naye asionewe, saa ya simu iandikwe kwenye kadi ya ng'ombe pamoja na saa ya kufika kwake. Mfugaji aliyepiga simu kwa kuchelewa alipe yote. Na apimaye mimba asiwe yule yule aliyepandisha.

Jambo la mtungi wa kutunzia mbegu nalo lisiachwe. Mbegu hukaa ndani ya naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi hauna umeme. Baridi yake yote ni hiyo naitrojeni, nayo hupungua kila siku, hata ukiwa umefunikwa. Ikishuka mno mbegu zinakufa, na kuujaza upya hakuzifufui. Kwa macho mrija uliokufa hauna tofauti na mzima. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River, Arusha, safari ya kuvuka nchi hadi Tukuyu, kwa hiyo usimamizi wa mitungi ukilegea huku mwisho wa njia, jasho la huko kote linamwagika. Naomba kila mtungi wa wilaya uwe na daftari la kuandikia kina cha naitrojeni kinachopimwa kwa kijiti kila wiki, na mfugaji awe na haki ya kuliona. Vilevile mrija ukitolewa uyeyushwe kwenye maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kipimajoto, nyuzi 35 hadi 37. Asubuhi ya Julai ya Isongole hairuhusu kuuyeyusha kwa kuushika kwapani.

Kuhusu kambi za uhimilishaji, ambako ng'ombe wengi huchomwa homoni ili waingie joto siku moja: nazipenda, maana zinamwondolea mtaalamu safari za kutangatanga. Lakini sindano ya prostaglandini inafanya kazi kwa kuyeyusha kinundu cha manjano kwenye mfuko wa mayai, kile kinachotunza mimba. Ng'ombe mwenye mimba changa akichomwa, anaitoa. Kwa hiyo apimwe kwanza, kila mmoja, hata kama mwenye ng'ombe anaapa kwamba hajapandishwa, kwa sababu dume la jirani haliombi ruhusa. Na aliyekonda hadi mbavu zinahesabika asipotezewe sindano, maana mara nyingi kinundu chenyewe hana. Mwili wenye njaa hausukumi yai. Huyo anahitaji majani, mashudu, chumvi ya madini na maji ya kutosha wiki kadhaa kabla ya kambi. Nalisema hili nikijua kwamba huku kwetu parachichi zimepandwa pale palipokuwa na matete. Parachichi zina fedha, sikatai, ila kingo na matuta bado yanaota majani ya gwatemala vizuri sana.

Najua wapo wanaosema turudi kwenye dume la kijiji. Siwapingi moja kwa moja. Dume zuri lililo jirani linaiona saa ya joto kuliko sisi sote. Ila dume linalozunguka kila banda linaweza kubeba ugonjwa wa kutupa mimba na maambukizi mengine ya njia ya uzazi, na likikaa zaidi ya miaka miwili linakutana na binti zake. Kikundi kikiamua kuwa na dume, lipimwe, libadilishwe kwa wakati, na liandikwe limempanda nani na lini.

Wataalamu tunao karibu. Taasisi ya Utafiti wa Mifugo ina kituo Uyole, mwendo mfupi kutoka hapa, na Kitulo kuna shamba la serikali la mitamba. Nawaomba madiwani wa Rungwe na Busokelo, kabla ya kupitisha fungu jipya la mbegu, waulize swali hili kwenye baraza: katika ng'ombe waliohimilishwa mwaka jana, wangapi walipimwa mimba, na wangapi walizaa? Rejesta ya kikundi chetu iko wazi kwa diwani au bwana mifugo yeyote atakayetaka kuilinganisha na taarifa yake.

Mfugaji na katibu wa kikundi cha maziwa,
Isongole, Rungwe, Mbeya