Mwanangu, kabla hujafuata njia ya aliyepona

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Zile simulizi tatu ulizonitumia nimezisoma mstari kwa mstari. Wote watatu walipata ganzi na kuwaka moto nyayoni baada ya kunywa antibiotiki za jamii ya fluorokwinoloni, kama wewe, na wote wanasema wamepona. Sina sababu ya kuwaita waongo. Wala maumivu yako si ya kubuni. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo la dawa hizi likazwe: zinaweza kuharibu neva za mikono na miguu upesi, na madhara hayo yanaweza kudumu. Kwa hiyo mtu akikwambia amepona, hiyo ni habari njema na uipokee. Akianza kukutajia alichokunywa, hapo sasa soma taratibu.

Tazama tarehe kwanza. Yule wa kwanza anasema alianza vidonge vya vitamini B6 na magneziamu, na siku ya 3 moto ukazimika. Uzi wa neva uliokatika huota upya kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku, yaani kama sentimita 3 kwa mwezi. Katika siku 3 hata kidole gumba haujakimaliza. Nafuu aliipata, naam, ila haikutokana na neva kuota ndani ya siku hizo. Rudi mwanzo wa maelezo yake utaona kwamba alipoanza vidonge alikuwa amekaa miezi 7 tangu aache ile antibiotiki. Miezi hiyo 7 ameipitia kwa sentensi moja, na ndiyo yenye habari unayoitafuta.

Halafu maradhi haya huja kwa mawimbi, unajua mwenyewe. Hakuna anayehangaika kutafuta tiba mpya katika wiki aliyolala vizuri. Huitafuta wiki ile mbaya kuliko zote, na baada ya wiki ya namna hiyo, inayofuata mara nyingi huwa na afadhali hata kama hakumeza kitu. Sifa zote zikaenda kwa kidonge cha mwisho.

Na hicho kidonge ndicho kilichonifanya nikuandikie leo. Vitamini B6 ikizidi mwilini kwa muda mrefu, yenyewe huharibu neva za hisia: ganzi, miguu kuwaka, kuyumba gizani. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishusha kikomo cha mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku, na kuna vidonge vinavyouzwa vyenye 50 au 100 kwa kimoja. Kwenye kibandiko huandikwa pairidoksini, nayo hujificha katika mchanganyiko wa vitamini B, katika vidonge vingine vya magneziamu, hata katika vinywaji vya kuongeza nguvu. Mtu anatibu ganzi kwa kitu kinacholeta ganzi, miezi ikipita anaandika kwamba ugonjwa umemrudia. Leo hii panga chupa zako zote mezani, jumlisha miligramu za B6 za siku nzima, uandike jumla. Ikipita 12, mpelekee daktari hesabu hiyo.

Wa pili sina mengi ya kumsemea. Anaeleza mateso kurasa nzima, lakini tiba yenyewe haitaji mpaka umfuate faragha. Achana naye.

Wa tatu ananitisha. Anasema aliacha dawa zote kwa siku moja ili mwili usafike, na katika dawa hizo alikuwa na kidonge cha wasiwasi cha jamii ya benzodiazepini. Aliyezoea dawa hizo akiziacha ghafla anaweza kupata degedege, na degedege hilo linaweza kuua. Hupunguzwa kidogo kidogo chini ya daktari, kwa wiki au miezi. Yeye alinusurika, ndiyo maana ameweza kuandika. Usiache dawa yoyote unayotumia sasa kwa sababu ya maneno yake.

Najua umeanza kuhesabu, wangapi wamepona na wangapi bado. Hesabu hiyo haiwezi kutoka, mwanangu. Waliopona ndani ya wiki chache wamerudi kwenye shughuli zao bila kuandika neno, na waliozidiwa nao wamenyamaza. Unaowasoma ni waliobaki katikati. Usichukue matumaini kwa asilimia yao, na zaidi ya hapo usichukue kukata tamaa.

Hofu nayo ina nguvu yake mwilini. Katika utafiti ulioitwa SAMSON, uliochapishwa mwaka 2020, watu 60 walioacha dawa za kolesteroli za jamii ya statini kwa sababu ya madhara walipewa kwa zamu statini, vidonge bandia, na miezi bila kidonge. Kwa kipimo cha 0 hadi 100, wastani wa usumbufu ulikuwa 16.3 kwa statini, 15.4 kwa vidonge bandia na 8.0 bila kidonge. Maumivu waliyasikia kweli. Sisemi yako ni ya hofu, dawa yako ni nyingine kabisa. Nasema kusoma mateso ya watu saa 7 usiku kunaweza kuongeza juu ya ulichonacho, basi soma mchana.

Anza daftari. Kila jioni saa ileile andika namba moja ya maumivu, 0 hadi 10, na saa ulizolala. Wiki 2 za kwanza usibadilishe kitu, upate pa kulinganishia. Baadaye, chochote utakachokubaliana na daktari kujaribu, kiwe kimoja tu, kwa wiki 4 angalau, na ulinganishe wastani wa wiki kwa wastani wa wiki. Ukianza vitu vitatu pamoja, hata ukipona hutajua kilichokuponya.

Omba pia upimwe sukari, B12 na tezi ya shingo. Ganzi ya nyayo ina sababu nyingi, nyingine zina tiba, na simulizi zinazofanana na yako zinaweza kukufanya usizitafute. Kisigino kikiuma ghafla, acha mazoezi na umwone daktari, maana dawa hizi huweza kuchana kano ya kisigino. Miguu ikilegea, ganzi ikipanda sehemu za siri, mkojo ukikataa au ukitoka wenyewe, au ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda hospitali saa hiyohiyo na unipigie njiani.

Simulizi yako nayo ina mahali pake. Mwaka 1961 daktari William McBride aliandika barua fupi katika jarida la Lancet kuhusu watoto waliozaliwa na viungo pungufu baada ya mama zao kunywa thalidomaidi. Barua ilikuwa na jina la dawa na alichokiona, wengine wakaweza kuthibitisha. Mwombe mfamasia fomu ya kuripoti madhara ya dawa. Yanayohitajika hasa ni manne: mgonjwa, anayeripoti, dawa, na kilichotokea. Ongeza dozi, tarehe ya kuanza na ya kuacha, na namba ya toleo iliyo kwenye pakiti kama hujaitupa.

Majibu ya B12 yakitoka nitumie, pamoja na ile jumla ya miligramu.

Mama yako