Hedi ya valvu 20 juu ya bloku ya Carina TI

Kizota, Dodoma

Rafiki yangu mpendwa,

Habari za huko Dar? Sisi hatujambo, shemeji yako na watoto wanakusalimu. Nimefurahi kusikia barua ya uhamisho wa kuja Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, imetoka, na zaidi kwamba Corolla 111 unakuja nayo.

Sasa lile swali lako: utoe injini yake ya sasa, 4A-FE, uweke 4A-GE ya valvu 20 (ile ya kifuniko cheusi, blacktop) nzima nzima, au uchukue bloku, yaani sehemu ya chini yenye silinda, ya injini ya 7A-FE ya Carina TI uipachike hedi, sehemu ya juu yenye valvu, ya blacktop? Ungekuwa unabaki pwani ningekwambia weka injini kamili, umalize. Lakini unakuja kuishi huku, kwa hiyo jenga hiyo ya kuchanganya.

Sababu ni mwinuko. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake za pwani. Utaanza kulihisi jambo hilo ukipandisha Gairo. 4A-GE ina ujazo wa sisi (cc) 1,587, bloku ya 7A ina 1,762, ongezeko la asilimia 11. Silinda zina kipenyo kilekile, milimita 81, ila pistoni ya 7A inasafiri milimita 85.5 badala ya 77. Kinacholiwa na mwinuko kinarudishwa na bloku, tena kinarudi kwenye mizunguko ya chini, ambako blacktop huwa imelala. Farasi zake 165 zinatimia kwenye mizunguko 7,800 kwa dakika, na barabara yenye vijiji vya kilomita 50 kwa saa haikufikishi huko mara nyingi.

Ila usiizungushe kama blacktop. Kwenye mizunguko 7,000, pistoni ya 7A inakimbia wastani wa mita 20 kwa sekunde, mwendo uleule wa 4A kwenye 7,800. Toyota waliijenga 4A-GE kwa ajili ya mwendo huo. 7A-FE waliijenga kwa safari za familia. Kwa konrodi zake za asili, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, mimi nisingevuka 6,800. Ukitaka zaidi, nunua konrodi imara kwanza.

Hapa ndipo fundi wako asiharakishe. Pistoni za 7A-FE zilichongwa kwa valvu nne kwa kila silinda, na hedi hii ina tano, tatu za kuingiza na mbili za kutoa. Mifuko ya valvu, vile vishimo vya kuzipisha juu ya pistoni, haitalingana. Tafuta pistoni zinazofaa, halafu bandika plastisini (udongo laini wa kuchezea watoto) juu ya pistoni, funga hedi, zungusha injini kwa mkono, fungua, pima unene wake uliobaki. Bloku ya 7A ni ndefu kwenda juu, kwa hiyo taiming belti ya blacktop, mkanda unaoendesha valvu, haifiki, na belti ya kubahatisha kwenye injini hii ni valvu zilizopinda. Lazima pia gasketi ya hedi ilazwe juu ya bloku na kukaguliwa tundu kwa tundu, la maji na la oili, kabla ya kununua kingine chochote.

Kuhusu vumbi nakusihi kabisa. Wengi huko Dar huziacha zile koo nne za kuvutia hewa wazi, kwa sababu ya mlio. Mlio ni mtamu kweli, siubishii! Lakini kiangazi cha Dodoma na upepo wake ni mchanga mtupu. Nilikuwepo gereji moja ikifunguliwa injini iliyotembea hivyo, kuta za silinda zimekwaruzwa kama zimepigwa msasa. Tengeneza boksi la hewa lenye filta kubwa, hata kama likipunguza sauti.

Kontrol boksi ya blacktop, yaani kompyuta ya injini, ilipangwa kwa sisi 1,587, na mafuta yakipungua pistoni huungua. Utahitaji ya kupangwa upya, na mpangaji apime moshi kwenye ekzosi, asikisie kwa sikio. Tena ukipangiwa huku peke yake, siku utakayoshuka Dar kompyuta itakutana na presha ya hewa ambayo Dodoma haijawahi kuipa, na hapo ndipo injini inaweza kuanza kugonga, mafuta yakilipuka vibaya ndani ya silinda. Afadhali upangiwe Dar kabla ya kupanda, huku tuhakiki tu.

Breki za ngoma nyuma zibadilishwe ziwe diski. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo tunza risiti ya bloku na uende TRA mapema, na bima wajue.

Kabla hujalipa chochote pale Ilala, piga picha ya namba ya bloku na ya hedi ikiwa imefunuliwa kifuniko, unitumie. Nipo, hata usiku.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako